Ziwa Linachokaje?

Majuzi nilikuwa sokoni Kariakoo, mbele ya meza ya dagaa wa Kigoma. Mama mmoja aliuliza bei, akatajiwa, akaguna: "Dagaa hawa wamekuwa dhahabu?" Muuzaji akamjibu kwa upole: "Mama yangu, ziwa limechoka." Nilinunua fungu langu nikaondoka, lakini neno lile likanifuata mpaka nyumbani. Ziwa linachokaje? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na jibu lake halipo juu ya maji. Liko chini, kilindini.

Shuleni tulifundishwa kwamba Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Ni kweli, ukipima uso wake: kilometa za mraba zipatazo 68,800, na Tanganyika halifikii hata nusu ya hapo. Lakini teremsha kamba majini uone. Kina cha Viktoria pale panapozidi ni kama mita 80 tu. Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, na wastani wake ni mita 570. Kwa hiyo ziwa hili linaloonekana jembamba kwenye ramani lina maji karibu mara saba ya yale ya Viktoria. Ukiacha barafu na maji yaliyo chini ya ardhi, takriban sehemu moja kati ya sita ya maji yote ya dunia yasiyo na chumvi imo ndani ya Tanganyika. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo.

Wenyeji wa mwambao walijua tangu zamani kwamba ziwa lao halina mzaha. Wageni walikuja baadaye na kalamu zao. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Livingstone, katika safari zake za mwisho, alishusha kamba mkabala na mlima wa Kabogo, kusini ya Ujiji, akapima kina cha karibu mita 600. Hata hapo alikuwa hajafika nusu ya kina chote cha ziwa.

Jambo lililowasumbua wageni wale zaidi lilikuwa jingine: mito yaingia, je, maji yatokea wapi? Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini, wakakuta Mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 Cameron akaupata mlango wa Lukuga, upande wa magharibi. Stanley alipopita hapo mwaka 1876 akakuta mlango umezibwa na tope na matete, maji hayaendi. Miaka michache baadaye kizuizi kikavunjika. Hore, mmisionari Mwingereza, alipofika mwaka 1879 aliona Lukuga inakwenda kwa nguvu kuelekea Kongo. Ziwa likashuka kwa takriban mita 10 kabla ya karne ile kwisha. Ndiyo sababu ukienda leo Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, unajiuliza mitumbwi iliegeshwa wapi. Ufuko umejiondokea.

Nayasema haya kwa sababu watu wanapolizungumza ziwa huzungumza uso wake. Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha maziwa yetu, wazee wanakumbuka. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda tena, likaingia katika nyumba za watu Bujumbura. Hayo huonekana, hupigwa picha. Kinachotokea kilindini hakipigwi picha. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nieleze kwa lugha ya jikoni. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hukaa juu. Maji ya Tanganyika yamepangika hivyo: ya vuguvugu juu, ya baridi chini, ingawa tofauti yao ni nyuzi chache tu. Ukishuka mita mia moja au mia mbili hivi, hewa ya oksijeni imekwisha na samaki hawezi kuishi. Lakini huko huko ndiko kuliko na ghala. Kila kinachokufa juu huzama na kuoza, na mbolea yake hubaki chini.

Nani anafungua ghala? Upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya baridi huinuka kushika nafasi. Yanakuja na mbolea. Mbolea inaotesha mwani, mwani unalisha vijidudu, vijidudu vinalisha dagaa, dagaa wanaliwa na migebuka, na sisi tunakula wote wawili. Bahari nayo ina desturi hiyo: kusi ikivuma katika pwani ya Somalia, maji ya baridi huibuka na samaki hunenepa.

Sasa tazama. Mbelgiji mmoja, Stappers, alipima joto la ziwa hili miaka ya 1912 na 1913. Migebuka wetu wana jina lake katika vitabu vya sayansi. Hakujua kwamba vipimo vyake vingekuja kuwa ushahidi. Wataalamu walipolinganisha vipimo hivyo na vya miaka ya karibuni, waliona kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu yamepata zaidi kuliko ya chini. Maana yake, maji mepesi yamezidi kuwa mepesi, na upepo unashindwa kuyachanganya na yale mazito. Mlango wa ghala unakuwa mgumu kufunguka. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba chakula kinachooteshwa na ziwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi. Mwingine wa mwaka 2016, uliosoma tope la sakafuni kama mtu anavyosoma daftari la zamani, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi wavuvi hawana lawama. Nyavu za macho madogo zipo, na vyombo vimekuwa vingi kuliko zamani. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza Dar es Salaam mwaka 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Ni jambo jema. Samaki akipumzika huzaa.

Lakini kumpumzisha samaki si kumlisha. Mvuvi wa Kigoma aliyeanika nyavu zake miezi mitatu, watoto wake wakila ugali kwa mboga za majani, ametoa sehemu yake. Joto linalofunga ghala lake halikutoka katika karabai yake. Limetoka katika viwanda na magari ya dunia, mengi ya nchi ambazo hazijawahi kusikia neno migebuka. Bahari kuu zenyewe zimemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo binadamu ameliongeza, na kwa kuwa limefichwa kilindini, tumelisahau. Kina kinatusitiri, na anayesitiriwa husahau deni.

Kwa hiyo wakubwa wetu wanapokwenda kwenye mikutano ya hali ya hewa, wasiende na hotuba za misitu peke yake. Waende pia na fungu la dagaa. Waliweke mezani, waseme bei yake ya mwaka jana na ya mwaka huu, kisha waulize nani alipe tofauti.

Na wewe, mama yangu wa Kariakoo, muuzaji hakukudanganya. Ila ziwa halijachoka. Limefungiwa ghala lake.