Asilimia 61 inapimwa kwa mizani gani?

Basoko. Wiki iliyopita pale bandarini baba mmoja alinishika mkono. Anaishi hapa kwa shemeji yake tangu alipokimbia mapigano ya Wambole na Walengola, yale yaliyoanza 2023 upande wa Lubunga. Binti yake amefaulu Exetat kwa asilimia 61, seksio ya pedagojia, na anataka kusomea udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani. Akaniuliza: "Ndugu mwandishi, wewe unajua mambo ya karatasi. Huyu mtoto watamkubali?"

Sikumjibu palepale. Wazazi wengi, hasa ninyi mlioko kwenye kambi za wahamaji, mnauliza swali hilohilo kila matokeo yanapotoka. Nimeona afadhali nieleze mizani hii ilitoka wapi, maana si mara zote mtoto alipimwa kwa asilimia.

Wakati wa Wabelgiji aliyempima mtoto alikuwa padri au mmisionari. Kijana mwenye akili alipelekwa seminari ndogo, akajifunza Kilatini, na akivumilia anakuwa padri. Asiyetaka upadri alikuwa karani, mwalimu, au msaidizi wa muuguzi. Jirani zetu wa Yangambi wanalijua hilo vizuri. Kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, kilianzishwa mwaka 1933, na kilijulikana ulimwenguni. Lakini watafiti walitoka Ubelgiji, na Mkongo aliingia kama kibarua au msaidizi. Hata Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, masomo yake ya juu yalikuwa shule ya posta kule Léopoldville. Swali la kukubaliwa chuo kikuu halikuwapo kwa sababu chuo chenyewe hakikuwapo.

Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha serikali kikafuata Elisabethville mwaka 1956. Lovanium iliweka mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe, kwa kuwa shule nyingi za sekondari za Wakongo hazikuwafikisha watoto pale walipotakiwa. Kwa hiyo mtoto alipimwa mara mbili: kwa shule aliyotoka, kisha kwa mwaka ule. Uhuru ulipofika Juni 1960, Wakongo waliokuwa na diplome ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima, na daktari kamili wa tiba hakuwapo hata mmoja. Hao walikuwa matunda ya milango iliyofunguliwa kwa kuchelewa, wala si kipimo cha akili za watoto wa wakati ule.

Chuo chetu cha Kisangani kilizaliwa mwaka 1963, na makanisa ya Kiprotestanti ndiyo yaliyokianzisha kwa jina la Université libre du Congo. Hakikumaliza hata miaka miwili kwa amani. Tarehe 5 Agosti 1964 Wasimba waliingia Stanleyville, na masomo yakahamishiwa Léopoldville, chini ya dari la watu wengine, mpaka hali ilipotulia. Wahamaji wanaonisoma wakumbuke hilo: chuo hiki ambacho leo kinawaomba makaratasi kiliwahi kukimbia vita na kuomba hifadhi.

Mtihani wa serikali ulianza katika mwaka wa shule 1966-1967. Kabla ya hapo thamani ya diplome ilitegemea sana jina la shule. Sasa mtoto wa Basoko na mtoto wa Kinshasa walijibu maswali yaleyale, na masahihisho yakafanywa mbali na mwalimu wao. Kwa maoni yangu hicho ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyopata katika elimu, pamoja na wizi na hongo tunazozisikia kila mwaka.

Lakini asilimia haikubaki peke yake. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vyote kuwa kimoja, UNAZA. Kinshasa ndiyo ikaamua nani aende wapi. Kisangani ilipewa saikolojia, mambo ya ualimu na sayansi. Aliyetaka sheria alipaswa kushuka mto. Nafasi ziligawanywa pia kwa mikoa, hivyo watoto wawili wenye asilimia sawa waliweza kupata majibu tofauti kwa sababu ya asili ya baba zao. Wengine walisema hiyo ni haki, kwani mikoa iliyokuwa na shule chache ingeachwa nyuma. Wengine waliita dhuluma. Nimewasikia wazee wakibishana juu ya jambo hilo hadi usiku, na kila mmoja ana mtoto wa kutolea mfano.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, UNIKIS ikasimama peke yake. Tangu hapo vyuo vimeongezeka, vya serikali na vya binafsi, na mizani mpya ni mfuko wa mzazi.

Basi nimrudie yule baba. Nilimwambia hivi: Papa, asilimia 61 si mbaya, wengi wanafaulu kwa 50 na kitu. Lakini kwa udaktari watatazama seksio. Mtoto wa bio-kemia mwenye 58 huenda amesoma kemia kuliko wako mwenye 61, na mwaka wa kwanza hauna huruma. Kila mwaka chuo hutoa tangazo la masharti yake, pamoja na mtihani wa kuingia ukiwapo. Lisome tangazo lenyewe ubaoni, usisikilize vijana wa getini wanaouza "nafasi". Na binti achague kitivo cha pili moyoni mwake kabla ya kusafiri.

Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo lilikuwa zito kuliko asilimia. Buletini za mwaka wa tano na wa sita zimeungua pamoja na nyumba.

Hapo nilifurahi kwamba mtihani ni wa taifa. Matokeo ya binti hayakuungua. Yamo katika palmarès, jina lake na shule yake, na nakala haiko kijijini tu. Kilichobaki ni buletini, na hizo hutolewa na mkuu wa shule kutoka kwenye madaftari yake. Shule ile nayo imehama, madarasa yake yanafanyika Kisangani chini ya paa la shule nyingine. Nilimuuliza kama madaftari yaliokolewa.

"Prefe alikimbia nayo kichwani," akasema. "Aliacha magodoro."

Boti la kupanda mto linaondoka Alhamisi. Wameshakata tiketi mbili.