Mabishano ya Simu Chini ya Vilima vya Nuu

Kila ifikapo Disemba, magari yatokayo Nairobi yanapoteremsha abiria wake katika soko la Nuu, chini ya vilima vyenye jina hilo huku Kitui, hurejea pamoja na vijana wetu yale mabishano ambayo yamekwisha kuwa sehemu ya sikukuu: wenye iPhone upande huu, wenye Android upande ule, na kila kundi likiyakini kuwa haki iko kwake. Mimi ni wa Android, wala sioni haya kulisema. Bali napenda hoja yangu isimame juu ya tarikhi, kwa kuwa wengi wanaobishana hawajapata kuuliza vyombo hivyo vilifikaje mikononi mwao.

Mambo yalianza mwaka 2007. Tarehe 6 Machi kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, na tarehe 29 Juni iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani, ile ya bei ya chini ikiwa dola 499. Lililotugusa sisi ni lile la kwanza, maana M-Pesa ilikaa ndani ya laini yenyewe, haikudai simu ya fahari. Simu ya tochi, mulika mwizi, ilitosha, hasa ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, ambayo mama muuza ndengu aliweza kupokelea fedha za mwanawe aliyeko Mombasa mchana, na usiku akamulikia njia ya zizini. Kisha, tarehe 5 Novemba mwaka ule ule, Google na washirika wake wakatangaza Android, mfumo ambao kiwanda chochote duniani kiliruhusiwa kuuchukua na kuutia katika simu zake bila kuulipia ada.

Ruhusa ile ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2011 Safaricom ilileta IDEOS ya Huawei, simu ya Android kwa bei iliyopungua dola 100, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule ya msingi akaweza kuyasoma magazeti ya Nairobi kiganjani. Mwaka uliofuata serikali ilizima simu bandia zipatazo milioni 1.9, na walionyang'anywa sauti siku ile walihitaji simu halali wanayoimudu. Zikaja Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen. Na Julai 2020 Safaricom na Google wakaanzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu alitoa shilingi 1,000 za kuanzia, kisha shilingi 20 kila siku, yaani thamani ya mandazi mawili, na asipolipa simu hujifunga. Sharti lile ni gumu, nakiri. Walakini mvuna ndengu asiye na mshahara aliingia kwa mlango ule katika ulimwengu aliokuwa akiusikia tu.

"Mjomba," aliniambia mpwa wangu sikukuu iliyopita, "hiyo yako itaachwa bila masasisho kabla haijachakaa." Insafu yanilazimu kukubali: iPhone hutunzwa na walioiunda kwa miaka mingi, ilhali simu nyingi za rakhisi husahauliwa upesi na viwanda vyake, na hilo ni dhuluma kwa maskini ambayo sisi wenye Android twapaswa kuilalamikia kwa sauti kubwa kuliko mahasimu wetu. Lakini chombo hupimwa pia kwa idadi ya mikono inayoweza kukifikia, na kwa mizani hiyo sina wasiwasi.

Siku ile tulikuwa tumeketi kwa fundi wa simu, ambaye umeme wake watoka kwenye sola juu ya bati. Alifungua mgongo wa simu kwa kipande cha kadi ya plastiki, akang'oa tundu la chaji lililolegea, akapekua kopo la siagi lililojaa mizoga ya simu za kila chapa, akatoa tundu la namna ile ile na kulilehemu huku amezuia pumzi. Mwenye simu, mama mmoja, aliiwasha, akapiga picha gunia la ndengu lililokuwa miguuni pake, akaituma kwa WhatsApp kwa mnunuzi wa Mwingi, akaanza kungoja jibu.