Kujiondoa: Istilahi Moja, Matendo Matatu

Katika sheria ya kimataifa, kujiondoa ni tendo la nchi iliyokwisha kufungwa na mkataba kuarifu rasmi kwamba haitaki tena kufungwa nao. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unaruhusu tendo hilo kwa ibara ya 44, ila arifa hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na haianzi kutumika mpaka mwaka mzima upite. Kuweka hadhari ni jambo jingine: nchi huukubali mkataba huku ikitamka ibara ambazo hazitaibana, kama ilivyofanya Uganda mwaka 1976, ingawa ibara ya 33, inayokataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari ya uhai au uhuru wake, haiwekewi hadhari. Aina ya tatu ni kubaki nje, kama ilivyo Denmark, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haifungwi na sehemu kubwa ya kanuni za hifadhi za umoja huo.

Mwaka 2018 ilipotangazwa kwamba Tanzania imejiondoa katika Mpango Jumuishi wa wakimbizi, uliotokana na Azimio la New York la 2016, neno hilo lilibeba mzigo usio wake, kwa sababu mpango huo ulikuwa wa hiari na haukuwa mkataba. Mkimbizi wa kambi ya Nduta, Kibondo, au ya Nyarugusu, Kasulu, alibaki chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na Mkataba uleule wa 1951.

Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na uhaba wa fedha, na hii ya pili haifai kupuuzwa. Mpango ulitarajia wakimbizi wajitegemee na kuchangamana na wenyeji, lakini fedha za wahisani zilikuja pungufu, na sehemu ya zile za Benki ya Dunia ingekuwa mkopo wa kulipwa na Watanzania, wakiwemo wenyeji Waha wa kata kama Nyakitonto, Kasulu, ambao husikilizana na wakimbizi Warundi bila mkalimani na wakati huo waligawana nao kuni, maji na soko. Nchi hujiondoa kwa wepesi pale ambapo ahadi ni ya wengi na gharama ni ya jirani.

Hata hivyo, anayetaka kupima ugumu wa hifadhi asihesabu mikataba iliyoachwa peke yake. Januari 2017, mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo, serikali iliacha kuwatambua Warundi kwa pamoja kama kundi, ikaanza kumhoji kila mwombaji peke yake. Badiliko hilo, lililomgusa moja kwa moja mtu aliyesimama mpakani, halikuhitaji arifa wala mwaka wa kusubiri.