Kiatu cha Chomboni, Kutoka Mbale hadi Jinja

Tarehe 28 Julai 1862 John Hanning Speke alisimama ukingoni, mahali ambapo mto Naili ulitoka ziwani kwa kishindo, karibu na palipo mji wa Jinja leo. Mwenziwe, James Augustus Grant, hakuwapo. Mguu wake, uliomtesa kwa miezi mingi tangu Karagwe, haukumwezesha kwenda mwendo ule wa haraka, naye akashika njia nyingine kuelekea Bunyoro. Wanahistoria wamebishana sana juu ya Speke na chanzo chake cha mto. Juu ya mguu wa Grant hawana maneno mengi. Sisi twaona kwamba habari za safari za nchi hii, za bara na za majini, yafaa zianzie chini, kwenye nyayo.

Tulilazimika kulitafakari jambo hili siku tulipotoka Mbale, walimu kumi na mmoja, kwenda Jinja kutembezwa kwa mashua. Kati ya miji hiyo miwili pana kilometa 150 hivi, lakini kwa habari ya viatu ni nchi mbili mbalimbali. Mmoja wetu alivaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, soli zake laini kama sahani. Hata mashuani hakufika: aliteleza kwenye jiwe la ufukoni, kifundo cha mguu kikavimba, akatungoja chini ya mwembe mpaka tuliporudi. Mwingine alivua kandambili zake apate kupanda. Moja ilichukuliwa na maji, nasi tukaisindikiza kwa macho ikielekea Misri.

Tusishangae. Katika Kiganda neno ejjinja maana yake ni jiwe, na mji ulipewa jina kwa haki. Mawe ya maporomoko aliyoyaona Speke, akayaita Ripon, yalizama bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954, lakini ufuko ungali na mawe tele, nayo yana utelezi.

Wapiga makasia wa ziwa hili walikwenda miguu mitupu, wala si kwa umaskini pekee. Mitumbwi mikubwa ya Waganda ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na maji yaliyopenya katika mishono yalipaswa kutolewa muda wote wa safari. Mguu ulishinda majini. Kiatu cha ngozi kingeoza, na cha mti kingeteleza. Wayo mtupu huushika ubao na kuhisi chombo kinapoanza kulala upande. Baharia wa jahazi la pwani naye huyaacha makubadhi yake pembeni kwa sababu hizo hizo. Na tukitaja viatu vya mti, mwalimu wa Kiswahili atapenda kujua kwamba Waganda huviita emikalabanda. Pwani ni mitalawanda. Twadhani jina lilisafiri pamoja na kiatu chenyewe.

Mbale, mji uliokua karibu na ngome ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, una mlima badala ya ziwa. Huko mguu mtupu ni hatari ya namna nyingine. Udongo mwekundu wa mlima Elgon ulitokana na volkano, na chembe zake, zikipenya katika ngozi miaka na miaka, huweza kuvimbisha miguu ya mkulima mfano wa matende, ingawa hapana minyoo wala mbu katika ugonjwa huo. Safura nayo huingilia nyayoni. Kwa hiyo mtu wa mlimani hufundishwa tangu utotoni kuthamini kiatu, hata akakivaa mahali kisipofaa. Ndivyo ilivyompata mwenzetu.

Hata hivyo, ni katika masoko ya mlimani tulikopata jawabu. Magari yalipoenea, tairi zilizochakaa ziligeuzwa viatu: soli hukatwa kwa kisu, kanda zikapigiliwa misumari, na ukanda mmoja ukazunguka nyuma ya kisigino. Waganda huviita lugabire. Huko Marekani, Paul Sperry alichanja mistari katika soli ya mpira mwaka 1935 ili isiteleze kwenye sitaha yenye maji, na mwaka 1984 Mark Thatcher, kiongozi wa safari za mtoni, akatengeneza ndara yenye ukanda wa kisigino isivutwe na mkondo. Kiatu cha namna hii ya pili sasa huvaliwa na wageni wanaoteremka mawimbi ya Naili, mchezo ulioanza Jinja katika miaka ya 1990, na ambao ulisogezwa chini ya mto bwawa la Bujagali lilipoyafunika maporomoko. Mafundi wetu wa tairi hawakungoja mwaka 1984.

Hatusemi kwamba kila lugabire yafaa. Tairi iliyolika hadi kuwa laini huteleza kama ngozi, na msumari wenye kutu huchoma. Lakini buti la mpira ni baya zaidi, maana mtu akianguka hujaa maji likamtatiza katika kupiga miguu. Viatu vya raba vya kamba, vyepesi na vinavyobana vema, hufaa. Mwalimu apelekaye wanafunzi na avikague kabla ya kupanda basi, si ufukoni. Tena asidhani kwamba ndara itamkinga mtoto na kichocho: vijidudu vyake hupenya ngozi yoyote inayoguswa na maji yenye konokono, hivyo heri kupandia gatini kuliko kuyavuka maji ya kando kwa miguu.

Mwenzetu wa viatu vya ngozi alinunua jozi yake Mbale kabla ya safari ya pili. Fundi aliuchora mguu wake kwa chaki juu ya tairi, akauliza kama ni za shamba au za kanisani. Aliposikia ni za mashuani alicheka sana, kisha akaongeza ukanda wa pili kisiginoni.