Kombe la Gossage na Jina la Nchi



Mtu akitoka Tanga mjini na kuishika njia ya Pangani, kwa mwendo usiotimu maili 15 atafika Tongoni. Hapo, karibu na bahari, pana gofu la msikiti wa kale na makaburi mengi ya mawe, mengine yamejengewa nguzo. Zamani makaburi hayo yalipambwa kwa vyombo vya kaure vilivyoletwa na majahazi kutoka nchi za mbali. Vyombo hivyo vimekwisha kung'olewa, na nguzo nyingi zimeanguka. Hata jina la mahali latoa habari yake, kwa maana tongo ni mahame, yaani mahali palipokuwa na watu na majumba, kisha pakaachwa. Nawaombeni mliweke neno hilo moyoni, kwa kuwa nitalirudia mwishoni. Mazungumzo yetu ya leo ni ya mpira wa miguu: jinsi nchi za Afrika ya Mashariki zilivyoanza kushindania kombe, na jinsi ushindi unavyopatikana na kupotea.

Katika mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kushindania kombe lililotolewa na kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza sabuni, jina lake Gossage. Mchezo wa kwanza ulikwisha sare, bao 1 kwa 1. Wakarudiana, na Kenya ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Hata hivyo Uganda haikukata tamaa, bali ilijifunza, na katika miaka iliyofuata ndiyo iliyolichukua kombe mara nyingi kuliko wenziwe.

Tanganyika iliingia katika mashindano hayo mwaka wa 1945, na Zanzibar ikafuata baadaye. Tanganyika ilikuwa mgeni, na mgeni hana budi kutazama kwanza wenyeji wanavyocheza. Miaka ya mwanzo ilirudi mikono mitupu. Walakini katika mwaka wa 1949 ililitwaa kombe, ikalitwaa tena mwaka wa 1950, na mara ya tatu mwaka wa 1951. Miaka mitatu mfululizo mgeni alikaa katika kiti cha wenyeji!

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Mwaka wa 1949 Tanganyika haikuwa na bendera yake yenyewe. Uhuru wake ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, miaka 12 baadaye. Kijana wa pwani na kijana wa bara, wasiokuwa wa ukoo mmoja wala kabila moja, walivaa fulana za rangi moja, na watu waliosimama kando ya kiwanja wakapiga kelele kwa jina moja, Tanganyika. Jina hilo liliwekwa na watawala, nao walilichora katika ramani tu. Wachezaji walilitia roho. Sisemi kwamba mpira ulileta uhuru, maana uhuru ulitafutwa kwa kazi nyingine na kwa taabu nyingine. Nasema kwamba watu walionja utamu wa kuwa taifa kabla ya kuwa taifa.

Katika mwaka wa 1964, mwaka wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kombe lilirudi kwetu, na mwaka wa 1965 likabaki. Mwaka wa 1967 mashindano yakabadilishwa jina, na mwaka wa 1973 yakapangwa upya kuwa Kombe la nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mashindano ya kwanza ya mpango huo yalifanywa Kampala, na Uganda ikaishinda Tanzania kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana tena katika mchezo wa mwisho, mara hii Dar es Salaam. Zikatoka sare, bao 1 kwa 1, na Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 5 kwa 3.

Baada ya furaha hiyo ikaja njaa ndefu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1974 alikuwa mtu mzima wa miaka 20 Tanzania iliposhinda tena, huko Nairobi mwaka wa 1994. Mwaka wa 1995 Zanzibar ililitwaa kombe Kampala kwa bao 1 kwa 0, ikaonyesha kwamba kisiwa kidogo chaweza kusimama mbele ya nchi kubwa. Kisha Tanzania Bara ikangoja miaka mingine 16, hata tarehe 12 Desemba 2010, Dar es Salaam, nahodha Shadrack Nsajigwa alipofunga penalti iliyoishinda timu ya Côte d'Ivoire, iliyokuwa imealikwa.

Na katika Afrika nzima? Jirani zetu wamekwisha kushinda: Ethiopia mwaka wa 1962, Kongo ya Kinshasa mwaka wa 1968 na 1974, na Sudan mwaka wa 1970. Uganda ilifika mchezo wa mwisho mwaka wa 1978, ikashindwa na Ghana kwa mabao 2 kwa 0. Lakini Kenya, Uganda na Tanzania, wenzi wa zamani wa Kombe la Gossage, hazijapata hata moja kulitwaa Kombe la Afrika. Mwaka wa 2023 zilipewa kwa pamoja kazi ya kuandaa mashindano hayo ya mwaka wa 2027.

Basi tujiulize, ushindi watoka wapi? Timu ya taifa haishuki kutoka mawinguni. Huchaguliwa katika vyama vya mpira, na vyama hupata vijana wake mitaani na vijijini. Tanga mjini, African Sports ilianzishwa mwaka wa 1936 na Coastal Union mwaka wa 1948, na Coastal Union ikawa bingwa wa nchi mwaka wa 1988. Kiwanja kikilimwa mihogo, na mwalimu asipopatikana, taifa litakosa mchezaji miaka kumi baadaye, wala hakuna atakayejua alipopotelea.

Sasa nalirudia lile neno. Waliojenga Tongoni walidhani mji wao utadumu, na ushahidi uliobaki ni mawe. Kombe nalo ni vivyo hivyo. Ushindi wa baba haurithiwi na mwana kama shamba la minazi. Kila kizazi hakina budi kuutafuta upya. Heshima isiyotunzwa huwa tongo.