VITA VYA MJERUMANI KWENYE VITABU: WAPI NI RIWAYA, WAPI NI KWELI

Wadau, kuna swali linarudi kila vitabu vya vita vinapotajwa. Mtu amemaliza Wilbur Smith yake, jalada limechanika, kapewa na mwenzake ambaye naye kapewa na mwenzake, halafu anauliza: hivi haya mambo ya manowari ya Mjerumani kule Rufiji yalitokea kweli au jamaa katunga? Jibu fupi ni kwamba nusu yalitokea, na nusu ya pili ndiyo inayouza kitabu. Nimeona niliweke hili kwa urefu kidogo, ili ukishika kitabu cha vita vile ujue umeshika nini. Naongelea vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa Tanganyika, enzi hizo koloni la Mjerumani, na kwa majirani zake.

Tuanze na huyo huyo Smith. Shout at the Devil ilitoka 1968. Mwandishi alizaliwa Kabwe, Zambia ya leo, mwaka 1933, akafariki 2021. Ndani ya kitabu kuna manowari inaitwa Blücher imejificha kwenye delta ya Rufiji, na kuna jangili wa meno ya tembo, mlevi wa kutupwa, anayejikuta kwenye mpango wa kuilipua. Mwaka 1976 ikawa filamu, Lee Marvin na Roger Moore. Ni kitabu cha mbio. Ukikianza jioni, ujue umeme ukikatika utatafuta mshumaa.

Manowari yenyewe hasa iliitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar alfajiri, ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga inatengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Baada ya hapo mashine zake yenyewe zikagoma, makaa ya mawe yakapungua, ikaingia Rufiji na kujibanza kwenye mikoko. Waingereza walikaa miezi kadhaa wanailinda mdomoni mwa mto, kwa sababu meli zao kubwa zisingeweza kupita kwenye maji mafupi. Mwishowe wakaleta meli mbili za mizinga zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, na ndege za kuangalia juu makombora yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Hakuna jangili aliyetega bomu. Ila kuna jambo ambalo Smith hakulitilia maanani na mimi naona linashinda bomu lolote: mitambo iliyoharibika ilivutwa kwa nguvu za watu kutoka Rufiji mpaka karakana za Dar es Salaam, ikatengenezwa, ikavutwa tena kurudi. Na meli ilipokufa, mizinga yake kumi iling'olewa, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa bara kupigania nchi kavu. Burutwa na nani? Shika swali hilo, tutalirudia.

Riwaya ya pili ni mzee kuliko wote, The African Queen ya C.S. Forester, 1935. Wengi wanaijua filamu ya 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, iliyopigwa Kongo na Uganda. Fundi wa boti na dada wa mmisionari wanateremka mto na kiboti chakavu, wametengeneza topido za kienyeji waende kuizamisha meli ya Mjerumani ziwani. Kwenye filamu wanafanikiwa. Kwenye kitabu hawafanikiwi, kiboti kinazama kwenye dhoruba na kazi inamaliziwa na wanajeshi wa majini. Kama umeangalia sinema tu, hujasoma hadithi ile.

Ziwa la Forester ni la kubuni, ila nyuma yake lipo Ziwa Tanganyika, na historia yake ni kituko kuliko riwaya. Waingereza walisafirisha boti mbili za injini kutoka kwao mpaka Cape Town mwaka 1915, zikapanda treni, zikaburutwa milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke, maksai na mikono ya watu, hadi zikafika ziwani. Boti zenyewe ziliitwa Mimi na Toutou (hiyo Mimi siyo ya Kiswahili, msije mkafikiri kamanda alijipa jina lake). Kamanda, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa sifa, amechorwa tatuu mwili mzima na alivaa sketi mbele ya askari wake. Lakini Desemba 26, 1915 akaiteka Kingani, na Februari 9, 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Ilipotokea kubwa lao, Graf von Götzen, akasita kuishambulia. Haya yote yamo kwenye Mimi and Toutou Go Forth ya Giles Foden, 2004, ambaye ndiye huyo huyo aliyeandika The Last King of Scotland. Foden anapenda mno kumcheka Spicer-Simson, na kicheko kinatamu, ila kuna kurasa unajiuliza kama waliokuwa wanakata miti na kujenga madaraja nao wana majina.

Götzen je? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikaletwa Dar kwenye maelfu ya masanduku, reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa. Wajerumani walipokimbia Kigoma Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo mtu yeyote wa Kigoma analijua: Liemba. Kwa hiyo meli ya Forester wala haikuzama moja kwa moja. Ilikuja kubeba abiria na dagaa kwa miongo mingi.

Ya tatu, na kwa maoni yangu bora kati ya riwaya za wageni, ni An Ice-Cream War ya William Boyd, 1982. Huyu alizaliwa Accra, na anaandika vita kama upuuzi, siyo kama ushujaa. Kuna Mmarekani mwenye shamba la mkonge karibu na mpaka ambaye jirani yake Mjerumani anamwibia mashine ya kusindika mkonge, na vita nzima kwake inakuwa ni kutafuta mashine yake. Inachekesha mpaka unafika kwenye mapigano ya Tanga, hapo kicheko kinakata.

Tanga ilikuwa hivi. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 Waingereza walishusha wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, wamechoka na safari ndefu ya baharini. Upande wa pili, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi askari Waafrika. Waingereza wakapigwa, wakarudi melini wakiacha ufukweni bunduki, bombomu na risasi kwa mamia ya maelfu. Na nyuki kweli walikuwepo, hiyo siyo chumvi. Risasi zilichokoza mizinga ya nyuki wakatoka na hasira. Tatizo ni kwamba kuna watu walisema Mjerumani aliwafunza nyuki, wakati nyuki hao hao waliwauma hata wapiga bombomu wa Kijerumani.

Hapa lazima niwatahadharishe na kitabu kimoja. Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Waingereza aliyekuwepo Tanga, alitoa shajara zake mwaka 1960 kwa jina la Army Diary. Zinasomeka kama filamu na waandishi wengi wa historia walizinukuu kwa miaka. Mwaka 2007 Brian Garfield akatoa The Meinertzhagen Mystery, akaonyesha kwamba mengi aliyojisimulia hayaaminiki. Kwa hiyo ukikuta kisa kitamu sana cha vita vile na chanzo ni Meinertzhagen, kiweke rafu moja na Wilbur Smith.

Sasa Lettow mwenyewe. Kumbukumbu zake zilitoka Kijerumani na Kiingereza 1920, na kwa kuwa ni za zamani hivyo zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni. Anaeleza kwa ukavu kabisa: tulitembea, tukapigana, tukachota chakula, tukatembea. Aliingia Msumbiji mwishoni mwa 1917, akarudi, akaingia Zambia ya leo, akasalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wajerumani walimfanya shujaa asiyeshindwa. Lakini ile "tukachota chakula" isome mara mbili. Walichota wapi? Daktari wa jeshi lake, Ludwig Deppe, aliandika kwenye kitabu chake cha 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Waingereza nao walichota. Ugogoni njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, ina jina lake, Mtunya, na mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia. Lettow hana Mtunya kwenye kitabu chake.

Tunarudi kwenye swali: ni nani aliyeburuta? Barabara zilikuwa chache, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, basi kila risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani kwa mtu. Waingereza na washirika wao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Vifo vilivyoorodheshwa vinazidi 95,000, na wanahistoria wengi wanaona halisi ni zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri kwa sababu hapakuwa na muda wala sufuria. Kitabu cha kushika hapa ni cha Geoffrey Hodges, The Carrier Corps, 1986, kilichochapwa tena Nairobi kwa jina la Kariakor. Ndiyo, hilo hilo. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi cha wapagazi lililopita kwenye ndimi zetu. Hodges anaeleza pia habari inayouma: mishahara ya maelfu waliokufa haikuwahi kufika kwa ndugu zao, kwa kuwa majina na vijiji vyao havikuandikwa inavyotakiwa.

Na siyo mishahara tu. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba kati ya watu 116,000 na pengine hata 350,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukipita pale Posta Dar kwenye sanamu ya Askari ya 1927, angalia: ni askari mmoja na bunduki yake. Ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Sisi tulibakiwa na soko.

Kwa picha kubwa ya kampeni nzima soma Tip and Run ya Edward Paice, 2007. Ni nene, ina ramani, na haiwasahau wapagazi. Battle for the Bundu ya Charles Miller, 1974, ni nyepesi na inasimulia vizuri, ila ina macho ya wakati wake. Ukitaka kuwajua askari wenyewe nenda kwa Michelle Moyd, Violent Intermediaries, 2014. Anabomoa ile ngano ya askari mtiifu anayempenda bwana wake mpaka kufa. Kwake askari ni watu waliotafuta heshima na mali, wana wake, watoto na watumishi kwenye msafara, na walikuwa wakali sana kwa wanavijiji. Wakiona hakuna faida tena, walitoroka.

Nimemwacha Abdulrazak Gurnah makusudi mpaka hapa, maana wote waliotangulia wanaangalia kutoka kwenye farasi, yeye anaangalia kutoka chini. Afterlives ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla hajapata Nobel. Hamza, kijana wa pwani, anajiandikisha mwenyewe jeshini kwa Mjerumani, na ofisa anamfundisha Kijerumani. Huyo ofisa ni mpole na anatisha kwa wakati mmoja. Mapigano yenyewe yanachukua sehemu ndogo, sehemu kubwa ni baada ya vita: mguu mbovu, kazi ya useremala, ndoa, na ndugu aliyepotea. Sitasema ndugu huyo aliishia wapi. Ila ukimaliza, tafuta habari za Bayume Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1904, akawa askari mtoto kwa Mjerumani, akahamia Berlin, akaigiza kwenye filamu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944. Hiyo siyo riwaya.

Paradise yake ya 1994 inaishia pale vita inapobisha hodi, na ipo kwa Kiswahili tangu 2022, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Mimi ningeanza na hiyo, kisha Afterlives, kisha Hodges, halafu ndiyo nimrudie Wilbur Smith kwa raha zangu. Na aliye Mombasa aingie Fort Jesus, mzinga mmoja wa Königsberg upo pale. Ausimamie ubavuni, aukadirie uzito, halafu aangalie ramani kutoka Rufiji.