Kutunza kompyuta bila gharama: Zana ambazo mtumiaji wa Bura anaweza kuzitegemea

MKAZI wa Bura, katika Kaunti ya Tana River, hahitaji kuelezwa hasara ya kupuuza matengenezo. Mradi wa unyunyiziaji maji mashamba ulioanzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine ulitegemea pampu zilizovuta maji ya Mto Tana kule Nanigi. Pampu hizo zilipozidi kuharibika, maji yalikatika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilimo kilikuwa kimesimama. Ardhi ilikuwepo na wakulima walikuwepo. Kilichokosekana ni mashine iliyotunzwa.

Kompyuta, au tarakilishi kama ifundishwavyo katika shule za Kenya, nayo imekuwa mashine ya namna hiyo. Katika miji midogo ya kaunti hiyo, kama Bura, Hola na Garsen, kompyuta moja ya saiba huwahudumia watu wengi: anayejaza fomu ya kodi ya KRA, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB, mzee anayetaka huduma ya eCitizen. Ndani ya mashine hiyo mmelala nakala za vitambulisho, vyeti vya shule na barua za mashamba za watu ambao hawajawahi kuimiliki kompyuta. Mara nyingi mashine yenyewe ni kuukuu, imekwisha kutumika katika ofisi fulani kabla ya kufika hapo. Ikizimika isiwake, safari ya kumtafuta fundi huweza kuishia Garissa au Malindi.

Hii ndiyo sababu programu za matengenezo zisizolipiwa zina umuhimu mkubwa zaidi Bura kuliko Nairobi. Nyingi ni nzuri. Nyingine ni mtego.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na pingu, na mkanganyiko huo umewasumbua wataalamu tangu mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU nchini Marekani. Sisi tunalo neno bure na tunalo neno huria. Programu ya bure haitozwi fedha, lakini mwenyewe hubaki na siri ya jinsi ilivyoundwa na huweza kuweka masharti. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, na leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Ni ruhusa hiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, kupitia mradi wa Kilinux, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. CCleaner, Recuva na Malwarebytes zina matoleo ya bure, lakini matoleo hayo yamekusudiwa matumizi ya nyumbani. Saiba ni biashara, na mwenye saiba anayeyatumia huwa anakiuka masharti hata kama hajui. Kwa upande mwingine, 7-Zip ya kufungasha na kufungua mafaili, iliyoanzishwa na Mrusi Igor Pavlov mwaka 1999, BleachBit ya kusafisha diski, na CrystalDiskInfo ya kukagua afya ya diski, zote ni huria. Anayezipakua kwa bando lake anaweza kuzinakili kwenye flashi na kumpa jirani bila kumkosea mtu yeyote.

Hata hivyo, zana za kwanza hazihitaji kupakuliwa kabisa, kwa kuwa zimo tayari ndani ya Windows. Tangu toleo la Windows 8 mwaka 2012, mfumo huo umekuja na Defender, kinga kamili dhidi ya virusi, na kwa mtumiaji wa kawaida inatosha, mradi ipewe masasisho. Kuweka kinga ya pili juu yake hakumwongezei mtu usalama maradufu. Mara nyingi huifanya mashine iwe nzito tu. Imo pia zana ya kusafisha diski, inayoondoa mafaili ya muda na mabaki ya masasisho ya zamani. Diski inayokaribia kujaa huichelewesha kompyuta yote, kwa maana Windows hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya ziada wakati kumbukumbu halisi inapozidiwa. Asilimia 15 ya nafasi ikiachwa wazi, mashine hupumua.

Kisha kuna programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowashwa. Hizi ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya “kompyuta imezeeka”. Mtu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufungua dirisha linaloonyesha programu zinazojiwasha, na anaweza kuzizuia asizozihitaji. Hakuna programu ya kununuliwa inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu kupanga upya diski, ushauri wa zamani umegawanyika. Diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka hunufaika vipande vya faili vinapokusanywa mahali pamoja. Diski ya aina ya SSD haina sahani wala sindano. Kuipanga kwa njia hiyo hakuiharakishi, bali huila uhai wake kidogo kidogo. Windows za kisasa huzitambua aina hizo mbili na kuitunza kila moja inavyostahili, kwa hivyo programu za nje za kazi hiyo hazina haja tena.

Tatizo linalowaumiza zaidi watumiaji wa saiba ni virusi vya flashi. Mwalimu huleta flashi yenye alama za wanafunzi ili azichapishe, na anapoifungua nyumbani hukuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Wengi hudhani kazi imepotea, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika: huifuta flashi yote ili “kuisafisha”. Ukweli ni kwamba mafaili huwa bado yamo. Kirusi kimeyaficha tu na kuweka sanamu za uongo mahali pake. Kwanza flashi ichunguzwe kwa Defender. Kisha, kwenye dirisha la kuandikia amri la Windows, iandikwe amri hii, herufi E ikibadilishwa kwa herufi ya flashi husika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Baada ya muda mfupi folda halisi hujitokeza, na zile za uongo zinaweza kufutwa. Amri hiyo imo katika kila Windows na haigharimu hata senti.

Virusi vya aina hii vilienea sana kwa sababu Windows za zamani ziliendesha zenyewe kilichokuwa ndani ya flashi mara tu ilipochomekwa. Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilitumia mlango huo miongoni mwa mingine na kuambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Microsoft ilisambaza masasisho ya kuufunga mlango huo kwa matoleo ya zamani Februari 2011. Mashine ambazo hazikuwahi kusasishwa, na zipo, bado zimeuacha wazi.

Faili lililofutwa kwa bahati mbaya nalo si lazima liwe limepotea. Kompyuta inapofuta, kwa kawaida huondoa tu anwani ya faili na kutangaza kwamba nafasi yake iko huru. Yaliyomo hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. TestDisk na PhotoRec, zana huria za Mfaransa Christophe Grenier, huweza kuyarudisha. Sharti ni moja, nalo huvunjwa karibu kila siku: asiandike kitu kipya kwenye diski hiyo. Anayepakua programu ya uokoaji na kuiweka kwenye diski ile ile iliyopoteza mafaili huenda anayafukia kwa mikono yake mwenyewe. Programu iwekwe kwenye flashi nyingine, na mafaili yanayopatikana yahifadhiwe nje pia. Kwa diski za SSD, matumaini ni haba, maana mfumo huzisafisha nafasi zilizoachwa muda mfupi baada ya kufuta.

Sasa tuje kwenye mtego. Wakazi wa Bura wanaifahamu mathenge, mti wa kigeni ulioletwa eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuihifadhi ardhi. Ulitolewa kwa nia njema, ukamea bila kubembelezwa, kisha ukasambaa mashambani na kwenye mifereji hata ukawa kero. Programu nyingi zinazojitangaza kuwa za “kuharakisha kompyuta” huingia vivyo hivyo. Mtu hubonyeza kukubali mara nne bila kusoma, na akimaliza hukuta kivinjari kimebadilishwa ukurasa wa mwanzo na kwamba kuna wageni watatu ambao hakuwaalika. Hasa ziepukwe zile zinazoahidi kusafisha rejesta ya Windows au kusasisha draiva zote kwa mpigo. Faida ya kusafisha rejesta haionekani kwa macho, ilhali kosa dogo humo huweza kuizuia mashine isiwake.

Hata jina linaloheshimika si dhamana. CCleaner ilikuwa kwa miaka mingi ndiyo programu ya kwanza ambayo fundi angeiweka. Julai 2017 kampuni ya Avast iliwanunua watengenezaji wake, Piriform wa London. Mnamo Septemba 18 mwaka huo ilitangazwa kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo haramu ndani ya toleo 5.33 lililotolewa Agosti, tena kwenye faili rasmi lenye sahihi ya kampuni yenyewe. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea. Ilibainika baadaye kwamba waliolengwa hasa walikuwa makampuni makubwa ya teknolojia, lakini mwenye saiba aliyekuwa amelipakua asingeweza kujua hilo siku ile.

Avast yenyewe, iliyogawa kinga ya virusi bila malipo kwa mamilioni ya watu, ilifunga tawi lake la Jumpshot Januari 2020 baada ya kufichuliwa kwamba lilikuwa likiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5 kwa jambo hilo. Bei haikuwa imeandikwa, lakini ililipwa.

Kwa hiyo programu ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye kurasa zinazokusanya programu za kila mtu. Na vile vidude vya kuifungulia Windows au Office bila leseni, vinavyozunguka kwenye flashi sokoni, visiguswe. Kabla ya kufanya kazi, vingi huagiza kinga ya virusi izimwe, na agizo hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu.

Yako mambo ambayo hakuna programu itakayoyafanya. Joto la Bura na vumbi lake huziba feni, na kichakato kinapopata moto hupunguza kasi chenyewe ili kisiungue. HWMonitor huonyesha kiwango cha joto bila malipo, lakini dawa ni brashi laini na pampu ya hewa, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Umeme unapokatika faili likiwa linaandikwa, muundo wa diski huweza kuvurugika. Amri chkdsk C: /f huurekebisha pale inapowezekana, ingawa betri ya akiba ya dakika kumi ingezuia madhara hayo tangu mwanzo. Na CrystalDiskInfo inapobadilisha rangi na kuonyesha tahadhari, si wakati wa kuikarabati diski. Ni wakati wa kunakili kila kitu mahali pengine, siku hiyo hiyo, kuanzia hati za watu.

Umri nao una mpaka. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP Aprili 8, 2014, Windows 7 Januari 14, 2020, na ikasitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakato ambavyo kwa sehemu kubwa ni vya kuanzia mwaka 2018, kwa hivyo mashine nyingi kuukuu hazikubaliki. Kwa hizo, iliyobaki ni Linux. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilikuwa ikitumwa kwa posta kwenye diski bila malipo hadi mwaka 2011. Leo hupakuliwa, kama zinavyopakuliwa Linux Mint na Lubuntu, ambayo ni nyepesi zaidi.

Faili la usakinishaji ni la gigabaiti kadhaa, mzigo mkubwa kwa bando la simu, lakini kwa kuwa ni huria linapakuliwa mara moja na kuzunguka kuanzia Bura hadi Garsen kwa flashi. Linux huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa chochote kilicho ndani ya diski. Mwenye saiba aitumie fursa hiyo kujaribu kwanza printa na skana, kwa maana aina fulani hazina draiva za Linux, na saiba isiyochapisha haina mteja.